Nyanya kwenye pilau: Ubishi unaostahili jibu la jikoni

Wapenzi wa chakula wana maswali yao yasiyokwisha, na kwetu Pwani hakuna linalolizidi hili: pilau inatiwa nyanya au haitiwi? Likizuka harusini, barazani au kwenye kundi la simu la ukoo, mazungumzo mengine yote yanasimama. Wengi wa Unguja watakwambia pilau yenye nyanya ni wali wa nyama tu, haina haki ya jina hilo. Wa Mombasa watauliza isiyo na nyanya inateremkaje kooni. Wa bara nao watakuja na karoti na njegere, na hapo wabishi wote wawili watawageukia wao.

Ubishi huu naupenda, na nauchukulia kwa uzito, maana watu hawagombanii chakula wasichokijali. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu kila mara unaishia kwenye neno “asili”. Kila mmoja anadai pilau ya kwao ndiyo ya asili na wengine wameiharibu. Neno hilo likishatamkwa, hakuna tena cha kujifunza. Kinachobaki ni kushindana kwa sauti. Msimamo wangu ni huu: asili haiwezi kutuamulia, sufuria inaweza. Ukijua kila kilichomo sufuriani kina kazi gani, utajua nyanya inafaa wapi na inaharibu wapi, na utajua kwa nini pilau ya jirani ina rangi na yako imepauka.

Asili ya nani?

Tuanze na hiyo asili yenyewe. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye sahani kubwa ya mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Imepita karibu miaka 700, na Mswahili wa leo akikaribishwa kwenye chakula kile atanawa mikono na kuanza kula bila kuuliza maswali.

Lakini pale hapakuwa na nyanya. Hapakuwa na kiazi pia, wala pilipili kichaa. Vyote vitatu kwao ni bara la Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo anayeifukuza nyanya kwa hoja ya asili, aondoe na kiazi chake sufuriani, kisha aende kwenye bakuli la kachumbari atoe nyanya na pilipili zote, abaki na kitunguu na ndimu.

Viungo navyo vina safari zake. Pilipili manga ilianzia Malabar, kusini magharibi mwa India. Karafuu tunayojivunia ilianzia visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ikaenezwa Unguja na Pemba katika enzi ya Seyyid Said, kwenye miaka ya 1830, kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Bizari nyembamba, ambayo pilau bila yake haina uso, mpaka leo nyingi yake inatoka India.

Hata jina la pilau na namna ya kuipika tunachangia na Waajemi, Wahindi, Waturuki na watu wa Asia ya Kati. Mwaka 2016, UNESCO iliiorodhesha palov ya Uzbekistan katika urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka huohuo ikaiorodhesha oshi palav ya Tajikistan. Nchi mbili jirani, chakula ni ndugu, na kila moja ikapewa heshima yake bila ya nyingine kuambiwa imeiga. Tena huko, karoti ni nguzo ya sufuria. Pilau bila karoti kwao haijakamilika. Ndugu zetu wa bara wanaochekwa kwa karoti zao wana wenzao huko Samarkand na Bukhara.

Rangi inatoka kwenye kitunguu

Asili ikishawekwa kando, tunabaki na sufuria, na sufuria inaanza na kitunguu maji. Mengi yanayoitwa siri ya pilau yamo humo.

Karibu sehemu tisa kati ya kumi za kitunguu ni maji. Maji yakiwa yanachemka, joto lake halipandi kupita nyuzi 100. Rangi ya hudhurungi na ile harufu nzito tunayoitafuta huanza kujitokeza kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi, pale sukari na protini za kitunguu zinapokutana na kugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza jambo hilo kisayansi mwaka 1912, ingawa wapishi walilijua kwa macho na pua karne nyingi kabla yake. Maana yake jikoni ni rahisi: kitunguu ambacho bado kinatoa maji kinachemka, hakijaanza kukaangika. Hakuna njia ya mkato mpaka maji yaishe.

Kata vitunguu vyembamba, vilingane unene, la sivyo vingine vitaungua wakati vingine bado vyeupe. Kwa kilo moja ya mchele, nusu kilo ya vitunguu si nyingi. Mafuta yawe ya kutosha kuvizunguka, na usivijaze kwenye sufuria ndogo hadi vikalaliana, maana vitapikana kwa mvuke.

Sasa simama hapo usikilize. Mwanzoni sauti ni kubwa, mvuke unapanda, na macho yanawasha kwa ukali wa kitunguu kibichi. Baadaye vinalegea na kung'aa. Wengi huishia hapa, wakatia nyama, na hapo ndipo pilau yao inapopauka. Endelea. Sauti itaanza kupungua, kwa sababu maji yanakwisha. Povu la mafuta linakuwa dogo dogo. Kingo zinageuka dhahabu, na harufu inabadilika, ukali unatoka na utamu unaingia. Kuanzia hapa usishike simu wala usifungue mlango. Safari ya kutoka kwenye weupe hadi dhahabu ni ndefu. Ya kutoka dhahabu hadi hudhurungi ni dakika chache. Ya kutoka hudhurungi hadi kuungua haifiki hata dakika moja. Kikifika rangi ya mdalasini, tia mara moja kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, au nyama yenyewe, ili joto lishuke. Supu ikimwagwa juu yake, rangi yote iliyoshika kwenye kitunguu inayeyukia humo, na mchele unainywa.

Kikiungua, usijidanganye. Uchungu wake hauondolewi na chumvi wala ndimu. Mwaga uanze upya. Kitunguu ni rahisi kuliko nyama na mchele utakavyoviharibu. Na wale wanaokimbilia soya sosi au sukari iliyounguzwa ili kupata rangi, rangi wataipata. Ladha iliyokuwa izaliwe pamoja na rangi hiyo hawataipata.

Hukumu ya nyanya

Tukishaelewa kitunguu, swali la nyanya linajijibu lenyewe. Nyanya ina maji mengi kuliko hata kitunguu, na ina uchachu. Ukiitumbukiza wakati kitunguu kimelegea tu, joto linarudi kwenye nyuzi 100, na uchachu nao unazidi kuichelewesha hudhurungi. Utasubiri rangi isiyokuja. Pilau inakuwa nyekundu iliyopauka, na harufu ya bizari nyembamba inafunikwa na harufu ya mchuzi. Hapo wanaoikataa nyanya wana haki kabisa.

Lakini kuna mpishi anayekisubiri kitunguu kifike mwisho wake, ndipo anatia nyanya chache zilizosagwa, akazikaanga mpaka zikauke na mafuta yajitenge. Huyo hajaharibu kitu. Ametengeneza pilau ya namna nyingine, yenye uchachu kidogo na wekundu, na ikipikwa vizuri inalika kwa raha.

Nyumbani kwangu pilau ya nyama haitiwi nyanya, na sababu yangu ni supu. Nyama iliyochemshwa taratibu pamoja na mifupa yake, tangawizi na kitunguu saumu, inatoa supu yenye utamu mzito unaojaa mdomoni. Hiyo ndiyo maji ya mchele wangu. Nyanya ikiingia inagombana nayo. Uchachu naupeleka kwenye kachumbari, pembeni, ambako mlaji anajipimia mwenyewe.

Ila ipo pilau ambayo ningeitia nyanya bila kusita: ile isiyo na nyama, ambayo Wakenya huiita pilau njeri. Nyanya iliyoiva ina kiasi kizuri cha kile kinachotoa utamu wa supu ya nyama. Mahali ambapo supu haipo, nyanya inaziba pengo. Kwa hiyo sheria ya nyumba moja haiwezi kuwa sheria ya kila sufuria, na anayejua sababu anaweza kubadili mkono kulingana na alichonacho.

Biriani nayo ina hesabu yake. Biriani ya Unguja na Mombasa inapikwa sehemu mbili: wali mbali, masala mbali, vikutane kwenye sahani. Ile ya Hyderabad, India, hupangwa kwa tabaka ndani ya chungu kimoja na mdomo wake ukazibwa kwa unga uliokandwa. Masala yetu yanataka mtindi, vitunguu vya kukaanga na nyanya nyingi, kwa sababu ni mchuzi mzito na rangi ya wali haiutegemei. Ndiyo maana huwasikii watu wakigombania nyanya ya biriani.

Viungo vichache, vizima na vipya

Swali linalofuata huwa la viungo. Wengi hudhani pilau ikikosa harufu inataka viungo zaidi. Mara nyingi inataka viungo vipya zaidi.

Harufu ya viungo inakaa kwenye mafuta yake, na mafuta hayo yanayeyuka kwenye mafuta ya kupikia vizuri kuliko kwenye maji. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga vikiingia vizima kwenye mafuta ya moto, vinaachia harufu inayofika kila punje ya mchele. Vilivyosagwa viingie baadaye, pamoja na nyama, kwa sababu unga unaungua upesi. Na kiungo kikishasagwa kinapoteza harufu siku baada ya siku. Pakiti ya viungo vya pilau iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita ina rangi ya viungo na harufu ya karatasi.

Kwa kilo moja ya mchele, vijiko viwili vya chakula vya bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, iliki kumi, vijiti viwili vya mdalasini na karafuu zisizozidi nane vinatosha. Karafuu uiheshimu: ina mafuta ambayo madaktari wa meno huyatumia kutia ganzi, na ikizidi ulimi nao unakufa ganzi, usionje kingine chochote. Bizari ya manjano iache kwenye mchuzi wa samaki. Na usiione pakiti ya dukani kuwa njia pekee: Muheza na milima ya Usambara, Unguja na Pemba wanalima karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga, na sokoni zinauzwa nzima kwa kipimo kidogo. Twanga siku ya kupika.

Mchele na mkono wa maji

Kila eneo lina mchele wake wa kuapia. Tanzania ni Kyela, kule kwenye Ziwa Nyasa. Kenya ni pishori ya Mwea. Wenye haraka ya kuona punje zimechambuka hukimbilia basmati. Ninachokiangalia zaidi ya jina lililoandikwa kwenye gunia ni umri wa mchele. Mchele mpya bado una unyevu na wanga wake unalegea upesi. Ukiupa maji ya kawaida unashikana. Uliokaa miezi kadhaa umekauka, unakunywa zaidi na unachambuka. Ndiyo maana nanunua kidogo kwanza, nikapika wali mweupe, nikaujua tabia kabla ya kuutegemea siku ya wageni.

Maji ndiyo yanayowatesa wengi, hasa wanapohama kutoka sufuria ya nyumbani kwenda sufuria la shughuli. Mchele wenyewe unakunywa kiasi chake kulingana na uzito wake. Maji mengine yanapotea kwa mvuke, na hayo yanategemea upana wa sufuria, kifuniko na moto, si wingi wa mchele. Ukipika kilo tano, kwa hiyo, usizidishe mara tano maji ya kilo moja, utapata bokoboko. Wapishi wa shughuli hawapimi kwa vikombe. Wanausawazisha mchele, wanagusa juu yake kwa ncha ya kidole, na maji yakifika kifundo cha kwanza wanatosheka. Kipimo hicho kinafanya kazi kwa sababu kinapima maji yaliyoko juu ya mchele, yale yatakayokwenda na mvuke na kumalizia kuivisha.

Maji yakikaribia kukauka, kazi ya mwiko imekwisha. Anayekoroga sasa anazivunja punje. Punguza makaa chini, funika, na palia makaa mengine juu ya kifuniko, ili joto litoke pande zote mbili na mvuke usipate pa kutulia na kudondoka tena kwenye wali. Aliye na jiko la gesi aweke kitambaa safi chini ya kifuniko kinywe mvuke, moto uwe mdogo kabisa, na asifunue mpaka robo saa ipite. Ukoko utakaoshika chini ni malipo ya mpishi, ingawa katika nyumba nyingi watoto hufika kwanza.

Ukiagiza hotelini

Ujuzi huu unasaidia hata ukiwa mlaji. Ukiletewa pilau hotelini, tazama punje kwanza. Pilau ya kweli ina rangi iliyoingia ndani, na ukikata punje kwa kucha utaiona. Nimewahi kuletewa, katika mgahawa wa bei isiyo ndogo, wali mweupe uliokaangwa na unga wa viungo, mweupe ndani, kahawia nje, na nyama imemwagiwa juu ikiwa na mchuzi wake. Nyama na wali havikuwahi kuonana motoni. Hiyo si tofauti ya maoni wala ya eneo. Ni mteja kuuziwa kitu kingine kwa jina la pilau, na mteja ana haki ya kusema. Muulize mhudumu kwa adabu: nyama imepikwa pamoja na mchele? Jikoni wakizoea kuulizwa, watazoea kupika.

Kinyume chake, mama lishe wengi wanaopika sufuria moja kwa siku, ikaisha kabla ya saa nane mchana, wana pilau bora kwa sababu tu haikai. Hapo tuseme la usalama. Kiporo cha pilau na chai asubuhi ni raha kubwa, lakini wali uliopikwa ukiachwa kwenye joto la kawaida usiku kucha unaweza kuotesha bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na sumu ya kutapisha anayoitoa haiondoki hata ukiupasha moto sana. Kiporo kisambazwe kwenye sinia kipoe, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kipashwe moto mara moja tu. Kwenye shughuli, ambako masufuria yanabaki nje tangu adhuhuri hadi usiku, huu ni wajibu wa mwenye nyumba.

Tufundishane kwa sababu

Pilau imevuka mipaka yote tuliyo nayo. Inapikwa Idi, inapikwa Krismasi, inapikwa harusini na hitimani, Lamu na Mwanza. Chakula chenye uwezo huo kinastahili kurithishwa vizuri kuliko tunavyokirithisha sasa. Kijana akiuliza kwa nini, jibu la “ndivyo tunavyopika” halimfundishi kitu. Akihamia mji mwingine, akakosa mkaa na mchele aliouzoea, hatajua pa kuanzia. Mwambie kitunguu kinataka maji yake yaishe, mwambie maji hufuata upana wa sufuria, naye atapika popote. Mwite na mtoto wa kiume jikoni. Wapishi wengi wa masufuria makubwa ya harusi ni wanaume, na hakuna sababu ya kusubiri harusi ndipo ajifunze.

Na kama nyumbani kwako ubishi wa nyanya haujaisha, umalizeni wikiendi hii. Bandikeni sufuria mbili ndogo, mchele mmoja, nyama moja, supu moja, vitunguu vilivyokaangwa pamoja hadi rangi ileile kisha vikagawanywa. Moja itiwe nyanya, nyingine isitiwe. Pakueni bila kuwaambia walaji ipi ni ipi, kila mmoja aseme aipendayo na aeleze kwa nini. Yawezekana mtabaki pande mbili vilevile, lakini safari hii kila upande utakuwa na hoja, na watoto waliokaa kusikiliza watainuka hapo wakiwa wamejua kupika pilau.